Maji Yote kwa Mama

Marehemu mume wangu alikuwa mwongo katika mambo mengi, lakini mawe alijua kuyalaza. Ua huu wetu aliutandika yeye mwenyewe, mawe bapa ya kijivu, amepiga magoti na kaptura iliyopasuka nyuma, akimtukana kila aliyepita na kumuuliza amefika wapi. Aliyainamisha kidogo kuelekea getini, kiasi ambacho jicho halioni lakini maji yanaona. Mvua ikinyesha, maji yalitoka yenyewe, yakaingia kwenye mtaro wa barabarani, na sisi ndani tukaendelea kugombana kuhusu mambo mengine.

Ua wenyewe uko hivi. Ukiingia getini, mkono wa kulia ni nyumba ya mwanangu wa kwanza. Tumemwita Mkubwa tangu siku aliyozaliwa mdogo wake, na sasa hata polisi wanamwita hivyo. Mkono wa kushoto ni nyumba ya huyo mdogo wake, Kitinda, kwa kuwa baada yake nilisema inatosha. Mwisho wa ua, ukitazamana na geti, ndipo kwangu: chumba kimoja, choo chake, na mlango wenye ufunguo mmoja tu, ambao nalala nao.

Hicho chumba msikidharau. Nimeishi kwa baba yangu, nikaishi kwa mume wangu, na uzeeni ndipo nikaanza kuishi kwangu. Nikitaka kula mkate kitandani, nakula. Nikitaka kumsema marehemu kwa sauti, namsema, na hakuna wa kuchungulia akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Mimi katika dunia hii nimebakiwa na meno machache na mlango mmoja, na mlango nisingeuachia hivi hivi.

Baba yao alipofariki, wanangu walivumiliana kwa muda wa heshima, kisha wakagombana. Ugomvi wenyewe ni aibu kuusimulia. Kitinda aliegesha pikipiki chini ya dirisha la kaka yake. Mkubwa akasema moshi unaingia kwenye chakula. Kitinda akamjibu kwamba chakula chenyewe kilikuwa kinahitaji ladha. Basi. Mkubwa, mwanaume mzima, akaenda kununua chokaa, akapiga mstari mweupe katikati ya ua, kutoka getini hadi kwenye kizingiti cha mlango wangu. Akasema huku ni kwake, kule ni kwa mwenzake, na pikipiki ikivuka anaiuza.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini Mkubwa ni dereva wa lori, na dereva wa lori akikasirika humwaga kifusi. Aling'oa mawe ya upande wake, akajaza udongo chini, akayarudisha yakiwa juu upande wa nyumba yake, ili mvua ikinyesha maji yote yakimbilie kwa mdogo wake. Kitinda ni kinyozi, maisha yake yote ni kupunguza, lakini safari hiyo aliongeza. Naye aling'oa, akajaza, akayainamisha kwa kaka yake. Mkubwa akaongeza tena. Mwisho, ili mwenzake akome kabisa, Mkubwa akamwaga zege getini, akatengeneza kilima cha kupandishia gari lake ambalo hata halina injini.

Sasa wewe piga hesabu. Huku kumeinuka, kule kumeinuka, getini kumezibwa. Maji yalibakiwa na njia moja, nayo ilikuwa kwangu. Watu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawasemi kitu kuhusu ng'ombe jike aliyewazaa hao fahali, akakaa pembeni miguu imelowa.

Na maungio, ile mianya kati ya jiwe na jiwe, ndiyo usiseme. Marehemu aliijaza mchanga na saruji kwa kipimo, akaimwagilia maji asubuhi na jioni mpaka ikakomaa. Mkubwa alijaza saruji tupu, akiamini kwamba kitu kikiwa ghali ukikitumia kingi kinakuwa bora, ikakauka kwa jua la mchana mmoja, ikapasuka yote. Kitinda alifagilia mchanga mtupu, na sisimizi wakauhamisha. Maji yakawa yanapenya, yanakaa chini ya mawe, na mawe yenyewe yanacheza. Ukikanyaga vibaya, jiwe linakutemea tope hadi gotini. Shangazi wa mwanamke fulani ambaye Kitinda alitaka kumuoa alikuja kutuangalia sisi ni watu wa namna gani. Alikanyaga moja karibu na geti, likamtemea mpaka ndani ya gauni. Akasimama kidogo, akageuka, akaondoka bila kunywa chai, na Kitinda hajaoa mpaka leo.

Mvua za mwaka jana ziliingia kwangu. Nilikuwa nimekaa kitandani napaka mafuta magoti, nikaona ndala zangu zinaelea, zinapita mbele yangu moja moja. Nikapiga kelele. Wanangu wakaja wote wawili, wakasimama mlangoni wamekunja suruali, na unajua walifanya nini? Walibishana maji ni ya nani.

"Haya ni ya kwako," Mkubwa alisema. "Huyaoni yalivyo na mchanga?"

"Mchanga wangu uliisha zamani," Kitinda akasema. "Haya yana rangi ya saruji. Chukua maji yako."

Damu nzito kuliko maji, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa na watoto kama wangu.

Walipochoka kubishana, Mkubwa akakohoa, akaweka ile sauti yake ya kikao. Akasema daktari alishanikataza baridi, na mimi si kijana tena, kwa hiyo mvua nyingine ikikuta ua uko hivi, nitahama. "Utakuja kwangu, mama."

"Au kwangu," Kitinda akasema, na hapo hapo akaanza kuangalia simu yake.

Karibu ya meno hiyo naijua, nimeitoa mara nyingi mwenyewe. Lakini sikulala vizuri tangu siku ile. Kwa Kitinda sahau: nywele za wateja mpaka kwenye sukari, na marafiki zake wanaingia bila kubisha. Ingekuwa kwa Mkubwa tu. Na kwa Mkubwa kuna mkewe. Huyo mkwe wangu si mwanamke mbaya, ila ni wa maneno machache. Anakusalimia, anakuwekea chai, anaondoka. Televisheni yake inaanza asubuhi mpaka usiku, mtu wa kuitazama humwoni. Mtu ambaye sijui anafikiria nini, mimi huwa naamini ananifikiria mimi, tena vibaya. Kuishi chini ya dari lake, kuomba ruhusa ya kuoga, kuulizwa nimekula kiasi gani? Ng'o. Nikaamua ua utengenezwe kabla ya mvua, hata kama ni mimi wa kushika sururu.

Nikamtafuta fundi. Huyu fundi mtaa mzima unamwita Kesho, na jina hilo amelitafuta kwa jasho lake. Aliahidi kuja kesho kwa muda mrefu sana, hadi nikaenda kumkuta kwake, nikakaa kwenye kiti chake, nikakataa kuondoka. Mkewe ndiye aliyemtoa nje pamoja na mimi.

Alipofika hakuleta vifaa, alileta kelele. Alizunguka ua mikono nyuma, akagonga mawe kwa kisigino, akanyonya meno, akaanza, "Mama, usipoziba ufa—"

"Utajenga ukuta, najua," nikamkata. "Kila fundi asiyetaka kufanya kazi huanza na huo. Fanya kazi."

Akaomba ndoo ya maji. Akaimwaga pale getini, chini ya kilima cha Mkubwa, tukasimama tunatazama. Maji yalikusanyika kwanza, yakatafakari, kisha yakashika ule mstari wa chokaa, yakaja taratibu hadi kizingiti changu, yakasimama. Fundi Kesho alicheka mpaka akashika mgongo.

"Mama, mimi kazi hii nimeanza sina ndevu," akasema. "Sijawahi kuona ua uliotegwa vizuri namna hii kumzamisha mtu. Hata ukimlipa mtu afanye hivi makusudi, atakosea."

"Hawa hawakulipwa. Walifanya bure."

Akanieleza kazi ilivyo. Udongo wote uliojazwa utoke, mawe yarudi chini yalipokuwa. Maungio yote yakwanguliwe, yaoshwe, yajazwe upya. Kile kilima cha getini kivunjwe. Na kwa kuwa siku hizi nyumba zote mbili zina mabati mapana yanayomwaga maji uani, mwinamo wa marehemu peke yake hautoshi. Lazima upite mtaro mdogo wenye upana wa jiwe moja, kutoka mlangoni kwangu hadi getini. Nikamwambia achimbe.

"Nichimbe upande wa nani?"

Hapo ndipo nilipoona nuksi yenyewe. Chokaa ya Mkubwa ilipita kwenye mwanya. Mstari wa mawe wa kulia ni wake, wa kushoto ni wa mdogo wake. Mtaro ukila jiwe, utakula la mmoja.

Nikawaita wote Jumapili, wakiwa hawana pa kukimbilia. Wakasimama kila mmoja upande wake wa chokaa, na mimi nimekaa kwenye kiti kizingitini, fundi kakaa juu ya ndoo aliyoipindua, ana mkate mkononi, amekuja kutazama sinema.

"Mtaro ni nyumba ya mbu," Mkubwa alisema. "Uende kwake, kule wamezoea uchafu."

"Kwangu wanapita wateja," Kitinda akasema. "Mtu ametoka kunyolewa, shingo iko wazi, anatumbukia mtaroni. Nani atamlipa?"

"Nani anakuja kunyolewa kwako mara mbili?"

Wakaendelea hivyo. Nikajaribu kuwabembeleza. Nikawakumbusha miezi tisa, mara mbili. Nikalia, na machozi yale nusu yalikuwa ya kweli. Nikatishia kuwanyima radhi. Kitinda akaniambia, tena kwa upole, kwamba radhi nilimnyima tangu alipovunja birika la shangazi yake, na ameshazoea kuishi bila hiyo. Fundi akapaliwa na mkate.

Hapo hasira ikanipanda, na mimi hasira ikinipanda akili huja nyuma yake. Nikafuta machozi.

"Sawa," nikasema. "Msigombane tena wanangu. Mtaro hauna pa kupita, basi usipite. Chumba changu kimekwisha, nimekubali. Nitahama. Na sitaki mgombanie mama, kwa hiyo nitachagua kwa haki. Yule anayekataa mtaro upande wake, huyo ndiye anayetaka upande wake uwe mzuri kwa ajili yangu. Nitahamia kwake. Mazima. Na magodoro yangu, na kikohozi changu, na ndugu zangu wakija watafikia huko huko."

Nilisikia fundi anameza.

"Mtaro upite kwangu," Mkubwa akasema.

"Kwako wapi?" Kitinda akadakia. "Wewe una gari. Upite kwangu."

"Hilo gari bovu litakanyaga nini? Kwangu, fundi. Anza leo."

"Fundi, sikiliza mimi, kaka ana mbu wa kutosha—"

Walikuwa wamevuka chokaa wote wawili, wameshikana mashati, kila mmoja anaomba avunjiwe mawe yake. Mimi nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka kiti kikalia. Mwisho wakakubaliana mtaro upite katikati kabisa, ule nusu ya kila jiwe, na Fundi Kesho akaacha kucheka kwa sababu sasa ilibidi akate mawe yote kwa tindo.

Alipopita karibu yangu kuokota ndoo yake aliniinamia sikioni. "Mama, wanao wanakupenda. Ila kwa mbali."

Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa nimetega mtego na mtego ukanasa, lakini haraka ile waliyokubali nayo sikuitegemea. Nilidhani angalau mmoja angesita. Angalau angevuta pumzi kwanza. Lakini nilikuwa nimeshinda, mlango wangu ulikuwa umebaki wangu, na nikajiambia kwamba kuumia kutasubiri.

Nilipogeuza uso nikamwona mkwe wangu, mke wa Mkubwa. Alikuwa amesimama kwenye baraza lao na sinia la chai, ya watu wote, hata ya fundi. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Aliliweka sinia chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikafikiri ana haraka ya televisheni yake.

Fundi Kesho kweli alianza kazi, na lazima niseme haki, akianza huwa anafanya. Mlio wa tindo ulitukalia kichwani tangu asubuhi. Aling'oa mawe, akayapanga ukutani kwa namba za mkaa ili kila moja lirudi lilikotoka. Alikwangua maungio kwa kijichuma kilichopindwa, akatoa saruji ya Mkubwa kwa mapande, na kutoka upande wa pili akatoa nywele, viwembe, na vijiti vya masikio. Chini ya mawe ulikuwa unaona ugomvi wao umejipanga wenyewe: udongo mwekundu, juu yake kifusi, juu yake majivu, juu yake kifusi tena.

Siku alipofika chini kabisa aliniita. Palikuwa na kokoto za marehemu, zimeshindiliwa, ngumu, hazijasogea. Akaweka pima maji juu yake, kile kipovu kikasogea kidogo kuelekea getini.

"Mzee alijua," Kesho akasema.

"Hicho tu," nikamwambia. "Usimpambe."

Lakini nilimkumbuka vizuri zaidi kuliko anavyostahili.

Mawe yalirudi chini, mtaro ukakaa katikati, mwembamba, umenyooka kwa uzi. Kilima cha getini kilivunjwa, na gari la Mkubwa likabaki nje likinyewa na ndege. Kesho alijaza maungio kwa mchanga na saruji, akiyasukuma kwa ncha ya mwiko, halafu akafunika kila kitu kwa magunia yaliyoloweshwa. Akatangaza kwamba atakayekanyaga atakatwa mguu. Ikabidi tupite juu ya ubao mmoja, watu wote wa ua. Mara ya kwanza wanangu kukutana kwenye ubao ule walisimama kama mbuzi kwenye daraja. Mwishowe Mkubwa akarudi nyuma, akampisha mwenzake. Kitinda akapita, akasema "asante" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Mimi nilikuwa natazama mambo hayo na kufurahi, lakini asubuhi zangu zilikuwa na kasoro. Ilinichukua siku kadhaa kujua ni nini. Chai haikuja. Miaka yote hiyo mke wa Mkubwa alikuwa ananiletea chupa ya chai mlangoni kabla sijaamka vizuri, na mimi nilikuwa nimeizoea kama jua. Sasa alinisalimia, "Shikamoo mama," akapita zake ubaoni na beseni lake. Nikimjibu namjibu mgongo.

Nikavumilia. Kisha nikachukua kikombe kitupu, nikasema naenda kuomba chumvi, nikavuka ubao kwa magoti haya mnayoyajua, nikamkuta jikoni anakata vitunguu.

"Umeninunia," nikasema.

"Sijanuna, mama."

"Umenuna. Mimi nimezaa wanaume wawili wanaonuna, najua inavyokaa usoni. Kama una neno, liseme."

Aliendelea kukata mpaka kitunguu kikaisha. Akafuta mikono. "Njoo," akasema.

Akanipeleka chumba cha nyuma, ambacho nilijua ni stoo, wanaweka magunia na matairi ya lori. Hapakuwa na tairi hata moja. Palikuwa pamepakwa rangi. Kitanda kilikuwa kifupi, kimekatwa miguu, kwa sababu aliona ninavyopata shida kuinuka kwenye viti virefu. Kando ya kitanda kulikuwa na chuma cha kushikia, kimefungwa ukutani. Pazia alilishona mwenyewe, nilimjua kwa mshono. Na mlangoni palikuwa na kitasa kipya, ufunguo wake umening'inia upande wa ndani.

"Nilimwita seremala akiweke," akasema. "Nilijua bila ufunguo wako hutakuja."

Nikaugusa ule ufunguo, ukayumba.

"Mume wangu yuko barabarani wiki nzima," akaendelea, na hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama pazia. "Akirudi analala. Watoto wako bweni. Hiyo televisheni siitazami, naiwasha ili nyumba isinyamaze. Aliposema utahamia huku, nilifurahi. Nikasema sasa nyumba itakuwa na mtu wa kuongea. Nikaanza kusafisha siku ile ile." Akakunja kona ya shuka ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. "Halafu nakusikia, mbele ya fundi, unasema kuja kwangu ndiyo adhabu ya kumtishia mtu."

"Sikusema kwako," nikasema. "Nilisema kwa Mkubwa."

"Na hapa ni kwa nani?"

Nikakaa kwenye kile kitanda. Kilinifaa kabisa, nyayo zilifika chini. Nilikuwa nimewategea wanangu mtego, nikacheka walivyokimbia, na kumbe katika ua mzima alikuwepo mmoja ambaye hakukimbia. Huyo ndiye niliyemwumiza. Nilijua maneno ya kumfukuza mtu, ya kumchekesha, ya kumfanya alipe deni. Ya pale nilikuwa sina.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. Sijawahi kumwita hivyo.

"Nimesikia, mama," akasema. Hakusema amesamehe. Akarudi jikoni, akanipimia chumvi ambayo sikuwa naihitaji, na mimi nikavuka ubao nikiwa nimeishika.

Kesho aliondoa magunia, akapiga mawe kwa kisigino moja moja. Hakuna lililocheza. Akalipwa, akaahidi kurudi kesho kukagua, hatujamwona.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, siku ambayo wote walikuwepo. Nikaweka kiti changu kizingitini nifaidi ushindi wangu. Mabati yalianza kulia, maji yakashuka pande zote mbili, yakakutana mtaroni, yakageuka, yakaniacha. Yalikimbia getini yakiwa na povu, yakatoka. Kizingiti changu kilibaki kikavu. Wanangu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye baraza lake, wanabishana kwa sauti ya kuishinda mvua, ni upande wa nani unaomwaga haraka zaidi, na walikuwa wanacheka. Walinipungia mkono kuniuliza kama ni sawa, nikawapungia kwamba ni sawa. Wakaingia ndani.

Nikabaki na chumba changu. Nilikipigania, nikakipata, hakikuwa na tone. Kilikuwa kimya sana, na mimi sikuwa na hamu hata ya kumsema marehemu.

Nikatoka, nikafunga mlango kwa nje, nikajifunika gunia kichwani. Mawe yalikuwa yanateleza kidogo lakini yalinibeba. Nikapanda kwenye baraza la Mkubwa, nikaupita mlango wa mbele bila kubisha, nikazunguka hadi wa jikoni, nikabisha. Mkwe wangu alifungua, akaniona nilivyolowa, akashtuka.

"Kuna nini mama? Maji yameingia tena?"

"Hayajaingia. Kwangu ni kukavu kabisa."

Akasubiri niseme nimefuata nini. Nikafikiria chumvi, nikafikiria moto, nikafikiria mafuta ya magoti.

"Nimekuja tu," nikasema.

Akanitazama kwa muda, mkono uko bado kwenye kitasa, mvua inanipiga mgongoni. Kisha akasogea pembeni, nikapita.